Nilivyojifunza Msamiati wa Kiingereza kwa Fasili na Sentensi za Mfano

Ninafanya kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni mjini Lamu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuandika: kujibu barua pepe za wanaotafuta chumba, kuwaeleza namna ya kuvuka kutoka uwanja wa ndege wa Manda, na kupanga na manahodha safari za Shela, Matondoni na Pate. Kiingereza nilichotoka nacho shuleni kilinitosha kusoma, ila si kuandika. Maneno nilikuwa nayo, lakini sikujua vizuri kila neno huandamana na lipi.

Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili ninayo na sijaiacha. Ukitafuta jina la samaki au la mti itakumalizia haja kwa neno moja, ilhali fasili ya Kiingereza itakwambia kwamba huyo ni samaki mkubwa wa bahari za joto, na bado usijue kama ni nguru au kolekole. Shida huanza kwenye vitenzi. Sisi tukisema kuazima, neno hilo humfaa anayetoa na anayechukua, na msikilizaji hutambua mwenyewe nani ni nani. Kiingereza kina «lend» kwa anayetoa na «borrow» kwa anayechukua, na jibu la neno moja haliwezi kumwonyesha msomaji tofauti hiyo.

Kilichonisaidia ni kamusi ya wanafunzi, ile inayofasili Kiingereza kwa Kiingereza chepesi. A. S. Hornby, mmoja wa waasisi wa kamusi za aina hii, alikuwa mwalimu nchini Japani, na yake ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, kwa hiyo tangu mwanzo ilimlenga mtu ambaye hakulelewa na lugha hiyo. Longman walipotoa yao mwaka 1978, fasili ziliandikwa kwa maneno ya kawaida yapatayo 2,000. Ukishayamudu hayo, unaweza kusoma maana ya karibu neno lolote humo bila kulazimika kutafuta neno jingine ndani ya maana yenyewe, na kila fasili unayoisoma inakuwa pia zoezi la kusoma.

Hata hivyo, kwa maoni yangu fasili ni nusu ya kazi tu. Chukua «suggest». Kiswahili kinaniruhusu kusema «nipendekezee hoteli», mtendewa akiwa ndani ya kitenzi chenyewe, lakini sentensi za mfano chini ya neno hilo zote zinakwepa muundo huo: ama mtu anapendekeza jambo, ama anapendekeza kwamba jambo lifanyike, na mtu akitajwa hutanguliwa na «to». Hakuna maelezo ya sarufi yaliyonikaa kichwani kama sentensi tatu za namna hiyo zilizopangwa pamoja. Ndivyo nilivyoupata pia ule mwisho wa barua, «We look forward to welcoming you», ambao niliunakili mzima, pamoja na -ing yake, wala sikuugawa vipande.

Katika daftari langu kila neno lina nafasi ya fasili, sentensi mbili za kamusi, na sentensi yangu mwenyewe inayohusu kazi yangu. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Siku moja mgeni aliuliza kwa nini safari ya Pate imesogezwa hadi alasiri, na nahodha akanigeukia: «Bwana, mwambie leo maji mafu, Mkanda hatupiti mpaka yajae.» Mkanda ni mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara. Nilikuwa tayari nimeandika «neap tide» kwa maji mafu na «spring tide» kwa bamvua, baada ya kuteremka kwenye orodha ya maana za «spring», kupita majira ya mwaka, chemchemi na waya wa kujikunja, mpaka kwenye maji yanayojaa na kupwa kwa nguvu mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Mfano wa kamusi ulikuwa umenionyesha kihusishi, kwamba husemwa «at high tide», nami nikamjibu: «We can only get through the channel at high tide.» Sentensi hiyo imo daftarini, na tangu hapo nimewajibu nayo wageni wengi.

Barua za wageni nazo ni hazina ya mifano, ingawa lazima uchague, kwa kuwa Mwitaliano au Mjerumani anayeandika Kiingereza huenda ana matatizo yale yale niliyo nayo mimi. Kwa Waingereza niliokota «We were wondering if», ambayo kwa umbo ni wakati uliopita na kwa kazi ni ombi la adabu la sasa hivi, mahali ambapo sisi tungesema «tunaomba». Kila nikiokota kifungu kama hicho hukitafuta kwanza katika kamusi, na nikikikuta kwenye mifano ndipo hukiandika.

Kurudia hufanyika asubuhi kabla mashua za kwanza hazijaleta watu. Hufunika fasili kwa karatasi, nikatunga sentensi kwa neno lililobaki wazi, kisha nikalinganisha. Maneno yanayonitoka bila kusita huyaruka kwa wiki kadhaa, na yanayonikwama huyarudia kesho yake.

Kundi linaloniwia gumu mpaka leo ni vitenzi vinavyofuatwa na vineno vidogo kama «up», «off» na «with». «Put off» ni kuahirisha, «put up» humaanisha pia kumpa mtu malazi, na ukiongeza «with» inakuwa kuvumilia. Hivi siviweki chini ya «put». Kila kimoja nakipa ukurasa wake na sentensi yake, na cha hivi karibuni kinahusu upepo wa kusi: «We had to put off the trip because the sea was too rough.»