Mdalasini wa Morne Blanc

Watu wakisikia umewahi kufika Shelisheli, wanachotaka ni picha za ufukweni. Ninazo, sikatai. Ila mimi nikiisimulia safari ile ya Agosti 2018, huanzia kituo cha mabasi cha Victoria saa moja asubuhi, dada yangu akiwa na maji, chapati alizozifunga kwenye foili, na amri moja: "Leo huendi kuogelea. Bahari utaitazama kutoka juu."

Dada alikuwa akifanya kazi hotelini kaskazini mwa kisiwa cha Mahé, na siku ile alikuwa ofu. Watu wa hotelini wana chuki yao na ufukwe. Ukishinda wiki nzima ukipanga viti vya wageni mchangani, ofu yako huipeleki hukohuko. Yeye alikuwa ameanza kupanda milima, na alitaka mtu wa kumwonyesha.

Basi la kule halina konda. Hakuna wa kupiga debe, hakuna wa kukusukuma ndani. Dereva anapokea nauli mwenyewe, halafu anaikamata ile barabara ya Sans Souci kana kwamba amechelewa harusi. Kona ni kali, korongo liko upande mmoja, na mimi nilishika kiti cha mbele hadi vidole vikafa ganzi. Tulipokaribia njia ya Copolia, dada akapaza sauti, "Devan!" Dereva akafunga breki. Ndivyo unavyoshuka kule. Usipopiga kelele unapitilizwa.

Njia ya Copolia inaanza kwa kukudanganya. Unateremka kwanza, unavuka kijito, unajisemea kumbe rahisi. Baadaye inapanda, na inapanda kwelikweli, mnashika mizizi na mawe, jasho linaingia machoni. Katikati ya kuhema nikasikia harufu niliyoijua kabla sijajua inatoka wapi. Nikakwanyua jani, nikalifikicha, nikalipeleka puani. Mdalasini.

Sisi tumezaliwa Muheza. Mdalasini kwetu ni ada ya shule na bati la nyumba. Mama ameumenya tangu hatujazaliwa, anajua gome lililoiva kwa kulikwaruza tu na ukucha. Sasa nipo ndani ya msitu wa hifadhi, na mdalasini umejaa kila upande, mikubwa kwa midogo, haina mwenyewe. Nikauliza shamba ni la nani.

"La ndege," dada akasema.

Akanieleza huku tukipanda, kwa vipande, maana pumzi zilikuwa za kugawana. Wafaransa walianzisha bustani ya viungo kule Anse Royale mwaka 1772, wakitaka kuvunja ukiritimba wa Waholanzi. Mwaka 1780 ikaonekana meli, wakadhani ni ya Waingereza, wakaitia moto bustani yao wenyewe ili adui asiifaidi. Kumbe meli ilikuwa ya Wafaransa wenzao. Lakini ndege walikuwa wameshakula tunda za mdalasini na kuzidondosha milimani, na huko hakuna aliyeweza kuzitia moto. Baadaye magome na mafuta ya majani yake yalikuja kuwa biashara kubwa ya visiwa vile. Siku hizi biashara imefifia na watu wa hifadhi wanauona kama gugu, unaisonga miti ya asili. Nilijaribu kumfikiria mama akiambiwa mdalasini ni gugu.

Kule juu msitu unakatika ghafla, unatokea kwenye jiwe tupu, matale meusi-meusi yaliyolala wazi juani. Visiwa vingi vya katikati ya bahari ni vya volkano au matumbawe. Mahé ni kipande cha bara kilichobaki nyuma, na jiwe lile lina umri wa miaka milioni 750 hivi. Kwenye nyufa zake umeota mmea ambao haupatikani popote duniani isipokuwa Mahé na Silhouette. Ncha ya jani inarefuka na kuwa kikombe chenye kifuniko, ndani kuna maji. Nilipiga magoti nikachungulia kimoja: sisimizi wawili walikuwa wameshazama, wa tatu alikuwa ukingoni, mguu unateleza, anarudi, unateleza tena. Dada alikuwa akinionyesha Victoria, bandari, uwanja wa ndege, visiwa vya Sainte Anne vyote vimepangika chini yetu. Mimi nilikuwa na sisimizi wangu. Alipotumbukia ndipo nikainuka kuangalia bahari.

Tukarudi barabarani, na badala ya kusubiri basi tukatembea kupanda kuelekea Mission Lodge. Dada alisema tu, "Kuna mahali nataka upaone." Ukifika pana njia fupi chini ya miti mikubwa, kuna baridi kidogo, na mwisho wake kibanda cha kutazamia pwani ya magharibi. Malkia Elizabeth alikunywa chai pale mwaka 1972. Magari ya watalii yalikuwa yanakuja, watu wanashuka, wanakwenda moja kwa moja kibandani, picha, wanaondoka. Njiani wanapita kuta fupi za mawe zilizoota majani, na sikuona hata mmoja aliyesimama.

Kuta zile ni za Venn's Town, shule ya zamani ya wamisionari. Kuanzia 1861 manowari za Waingereza, zilizokuwa zikiyawinda majahazi ya watumwa katika bahari yetu, zilikuwa zinawashusha Mahé watu waliokamatwa humo. Walizidi elfu mbili. Waliitwa huru. Wengi wakapelekwa kwa mikataba kwenye mashamba ya minazi, ambako wenye mashamba walikuwa wanalia hawana watu tangu utumwa ulipofutwa mwaka 1835. Wamisionari wa CMS, chama cha Kianglikana cha Uingereza, wakajenga shule hiyo hapo juu mwaka 1876 kwa ajili ya watoto wa hao walioitwa huru: mabweni ya wavulana na wasichana, darasa, mashamba ya kufanyia kazi. Ikafungwa mwaka 1889.

Haya nilikuwa nimeyasoma nusu. Shuleni tulifundishwa soko la Unguja, tukafundishwa Sayyid Barghash na mkataba wa 1873 wa kukomesha biashara ya watumwa, na somo likaishia hapo, kama vile waliokamatwa baharini walirudishwa kila mtu kwao. Hakuna aliyeniambia kwamba wengine walipandishwa mlimani, mwendo wa siku nyingi baharini kutoka pwani yetu, kwenye kisiwa ambacho wazazi wao hawakuwahi kukisikia. Watumwa wengi waliopitia Kilwa miaka ile walitoka upande wa Ziwa Nyasa, watu wa bara kabisa. Nilikaa juu ya ukuta. Kwa mbele, kupitia kibanda cha malkia, bahari ilionekana vizuri mno.

"Wanasema ni sehemu nzuri kuliko zote kisiwani," dada akasema.

"Kwa nani?"

Akanipa chapati. Tulikula bila maneno mengi. Alipomaliza akakumbuka kwamba Waingereza hawakuishia kwa hao. Visiwa hivi waliwatupia pia wafalme waliowapinga: Kabaka Mwanga wa Buganda, aliyefia hukohuko mwaka 1903, na Kabalega wa Bunyoro, na Prempeh wa Waashanti. Hata Sayyid Khalid bin Barghash, aliyewania usultani wa Unguja, alipitishwa hapa. "Wewe ulilipa tiketi," akaniambia. Dada yangu ana ulimi.

Kiwanda cha chai tulikipita haraka. Wameanza kulima chai mwaka 1962, na kwa mtu aliyeona mashamba ya chai ya Amani, kule kwetu, hakuna jipya la kutazama, ingawa chai yao ya vanila niliinunua.

Njia ya Morne Blanc iko karibu na hapo. Mlima una mita 667, si mrefu, lakini haujui kuzunguka, unakwenda wima. Mdalasini ulitusindikiza hadi nusu, kisha ukaanza kupungua na msitu ukabadilika. Mawingu yaliingia kati ya miti, kila shina likawa limevaa kijani kilicholoa, kangaga hadi kiunoni. Dada akaniambia nisimame, nisikilize. Palikuwa na mlio mwembamba, mkali, nikadhani mdudu. Akachuchumaa, akafunua majani makavu polepole, jani kwa jani, akaniita kwa kidole. Chura. Mzima, mtu mzima, na angekaa juu ya ukucha wangu wa kidole gumba akabakiza nafasi. Aina hii haipitii uluwiluwi. Yai linatoa chura mdogo moja kwa moja. Tena hana sikio la kati. Mwaka 2013 watafiti walieleza kwamba anasikia kwa kinywa. Alituangalia kidogo, akaruka, na pale alipotua sikumwona tena ingawa nilikuwa nimemkazia macho.

Kileleni kulikuwa kweupe. Mbele ya uzio hakukuwa na kitu, maziwa matupu. Tulikaa tukisubiri, nguo zimeloa, miguu inatetemeka yenyewe. Ndege weupe wenye mkia mrefu mwembamba walikuwa wakitoka kwenye wingu na kurudi. Kisha upepo ukalichana, tukaiona Port Glaud chini kabisa, visiwa vya Thérèse na Conception, miamba ya matumbawe ikichora mstari mweupe. Dada akatoa simu, wingu likafunga. Akatukana kwa Kibondei, jambo ambalo hafanyi hotelini.

Kushuka nitakuelezea kwa neno moja: matako. Sehemu kubwa nilishuka nimekaa.

Usiku ule tulimpigia mama kwa video. Shikamoo, marahaba, mmekula nini, mmeshinda wapi. Nikamweleza habari za ile shule ya mlimani. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Walikuwa watu wa wapi hasa, Wayao au na Wazigua walikuwemo?" Nikasema sijui. Akasema niulize. Nikamwambia na habari ya mdalasini, kwamba umejaa msitu mzima, mashina ya kukumbatia, na hakuna anayeumenya.

Mama akasogeza uso karibu na simu mpaka tukabaki tunaona jicho moja.

"Hakuna hata mmoja?"

"Hakuna, mama. Wanasema ni gugu."

"Mpe dada yako simu," akasema. "Wewe huna akili ya biashara. Nataka kujua kilo huko inakwenda shilingi ngapi."