Mabwepande, kwenye matuta ya mboji

Bodaboda wa Bunju alitaka shilingi 5,000 kunifikisha Mabwepande. Mwenzangu tuliyeshuka naye kwenye daladala alilipa 2,000 kwenda huko huko. Lafudhi ya Mwanza ina ushuru wake Dar es Salaam. Vumbi tulipewa bure.

Wengi wanaijua Mabwepande kwa viwanja walivyopewa waathirika wa mafuriko ya Desemba 2011. Mimi nilifuata kiwanda cha mboji cha Manispaa ya Kinondoni, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, Ujerumani, ambalo limefunga udugu na Dar es Salaam tangu 2010. Kina uwezo wa kuchakata tani 50 za taka za masokoni kwa siku. Bila hapa, taka hizo huelekea dampo la Pugu Kinyamwezi, upande mwingine kabisa wa jiji, lori likichoma dizeli njia nzima. Zikifika hurundikwa zikakosa hewa, na taka mbichi isiyopata hewa huozeshwa na bakteria wanaotoa methani. Kilo moja ya gesi hiyo huipasha dunia joto kama kilo 28 hivi za kaboni dayoksaidi, ukihesabu kwa miaka 100.

Nilikuwa nimejiandaa kwa uvundo, leso mkononi. Kilichonipokea ni harufu ya shamba baada ya mvua.

"Ingiza mkono, mgeni, usiogope," msimamizi aliniambia mbele ya tuta lililonifika kifuani. Haukufika hata kwenye kiwiko, nikauchomoa. Kipimajoto chenye mkuki mrefu kilisoma 63. Joto hilo ni la vijidudu vyenyewe vikila. Tuta likikaa juu ya nyuzi 55 kwa siku kadhaa, mbegu za magugu na vimelea vya magonjwa hufa; likipita 70, hata vijidudu vinavyofanya kazi huanza kufa, na hapo tuta hugeuzwa lipoe. Kugeuza pia hurudisha hewa ndani na kuleta katikati kile kilichokuwa pembeni kwenye baridi.

Kisha akachota mboji kiganjani akaifinya. Matone mawili yakatoka kati ya vidole. Hapo unyevu unatosha, kama asilimia 50 hadi 60. Maji yakitiririka, nafasi za hewa zimejaa na methani itaanza humo humo ndani ya tuta, yaani umehamisha dampo tu. Kisichotoa hata tone kimekauka na kazi imelala. Nyanya na nanasi ni maji matupu, kwa hiyo bila maranda au matawi yaliyokatwakatwa tuta hubonyea na kushikana. Hesabu wanayolenga watengeneza mboji ni sehemu 25 hadi 30 za kaboni, iliyojaa kwenye maranda na matawi, kwa moja ya naitrojeni, inayoletwa na taka mbichi. Naitrojeni ikizidi, utaisikia kwa pua: amonia inayochoma macho, na pamoja nayo nitrasi oksaidi, gesi mbaya kuliko hata methani.

Lori likaingia kutoka soko moja ambalo sitalitaja. Maganda ya ndizi na mabua ya mahindi, sawa. Ila humo humo kulikuwa na chupa, pampasi, mabaki ya nailoni na betri za redio. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini vifungashio laini havijakoma kuja. Akina mama wenye glavu walichambua kwa mikono lori zima huku jua likiwawakia, na mimi nikasimama nikitazama kazi ya siku ikiliwa na jambo ambalo muuza ndizi angelimaliza kwa ndoo mbili mezani pake. Nailoni hata ikipita, chekecheke huikamata mwishoni. Betri ndiyo hatari: ikipasuka, metali nzito huingia kwenye mboji na hakuna wavu wa kuzitoa.

Hamburg wenyewe, kwenye kiwanda chao cha Bützberg, huozesha taka kwanza ndani ya vyumba visivyopitisha hewa, wakakusanya methani na kuiingiza kwenye mabomba ya gesi ya jiji. Kinondoni hawakupelekewa mtambo huo, na naona walifanya vyema. Tuta halina vali ya kuziba wala spea ya kusubiri bandarini.

Kurudi nilipanda gari lililojaa hadi mlangoni, kichwa kikiwa kimeshafika kwetu Mwanza, kwenye soko la samaki la Kirumba. Utumbo wa samaki una naitrojeni tele, na pumba za mpunga kwetu hazipungui. Ila pumba peke yake huchelewa kuoza. Ningeongeza maranda na magugu maji yaliyonyaushwa juani siku mbili tatu, ndoo moja ya utumbo kwa nne za mchanganyiko huo, na utumbo ufukiwe katikati kabisa ya tuta kabla korongo hawajaugundua. Soko liko Ilemela, iliyotengana na Jiji la Mwanza mwaka 2012, na sijui madiwani wa pande hizo mbili wataanza na tuta au na mabishano ya nani anunue dizeli.