Ile A Grand Day Out ya dakika 40 ambayo hatutaiona

Wadau wa katuni, kuna filamu moja naiwaza sana na haipo. Nick Park, Mwingereza aliyewatengeneza Wallace, bwana mpenda jibini, na mbwa wake Gromit, alipoanza filamu yao A Grand Day Out alikuwa mwanafunzi tu, na alichokuwa anataka kutengeneza siyo hiki tunachokijua sisi. Hii yetu ni ya dakika 23: Wallace kaishiwa jibini, wanaunda roketi chini ya nyumba, wanaenda mwezini kwa sababu mwezi ni jibini tupu, basi. Nzuri sana, nimeiangalia mpaka nimeikariri. Ila ile ya kwenye skripti ya shule ilikuwa mnyama mwingine kabisa.

Jamaa alianza 1982 pale National Film and Television School, Beaconsfield, Uingereza. Kwenye mpango wa mwanzo filamu ilikuwa iende kama dakika 40, na mwezini kungekuwa na viumbe kibao, na mgahawa wa McDonald's hukohuko juu, mambo ya kuitania Star Wars, ile filamu ya vita vya angani, halafu Wallace anatupwa jela na Gromit ndo inabidi akamtoroshe. Hebu fikiria, mbwa wa plastisini, ule udongo laini wa rangi wa kufinyangia, anavunja jela mwezini! Na Gromit mwenyewe alikuwa awe anaongea, Park tayari alikuwa na sauti kichwani, sauti ya Peter Hawkins, mmoja wa waliowapa sauti Daleks, wale maadui wa kwenye tamthilia ya TV ya Doctor Who.

Sasa wale ambao hamjawahi kushika hii kazi ya kusogeza vinyago na kuvipiga picha moja moja niwaambie kwanini mpango huo ulikuwa mzito. Filamu inakula fremu, yaani picha, 24 kwa sekunde. Hata ukiamua kila pozi ulipige fremu mbili bado unahitaji pozi 12 kwa sekunde moja, dakika moja ni pozi 720, dakika 40 zinakaribia pozi elfu 29, na kila pozi ni mkono wako unaingia, unasogeza nyusi kidogo, unatoka, unapiga. Mi na mdogo wangu tunafanya vitu vidogo kwa simu hapa Dar, na mchana joto linalegeza plastisini mpaka mkono wa mtu unashuka wenyewe kabla hujapiga picha, so tunafanya usiku, feni tumezima maana ikiwaka tu zile karatasi za nyuma zinatikisika na ukija kucheza video unaona ukuta unapumua. Kwa hiyo nikisikia mwanafunzi mmoja alipanga dakika 40, tena na jela na mgahawa na umati wa viumbe, namheshimu kwa moyo wote.

Na alijipanga kweli. Aliandika barua kwa kampuni ya Harbutt's, wale watengenezaji wa plastisini, kuomba tani nzima. Ikaja na rangi kumi, moja wameiita rangi ya jiwe, na hiyo ndo ikawa Gromit. Wallace akampatia sauti ya Peter Sallis kwa paundi 50, muigizaji mwenye jina lake, na yeye mwenyewe Park alishangaa mzee amekubali. Park alikuwa anataka lafudhi ya kwao Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, Sallis yeye akaweza ya majirani zao wa Yorkshire tu, na vile alivyokuwa anavuta maneno, hasa akitaja jibini, ndo vikampa Wallace ile mashavu mapana.

Kuongea kwa Gromit kulikufa mapema, na kulikufa kwenye shuti moja. Ni ile ya Wallace anakata mlango kwa msumeno, na Gromit ndo amegeuzwa meza, mlango upo juu ya mgongo wake. Park akawa hawezi kuufikia mwili wa Gromit pale chini, akabaki na kichwa tu, akasogeza macho, masikio na zile nyusi. Akaona mbona inatosha. Mdomo ukaachwa. Yaani ile sura tunayoipenda wote, ya mbwa aliyechoka na mambo ya bosi wake, imetokea kwa sababu mkono wa mtu haukupita.

Ya mwezini yenyewe ilikatwa baadaye. 1985 Park akaingia Aardman, studio ya katuni kule Bristol, Uingereza, akawa anafanya kazi zao huku anaendelea na filamu yake, na alikuwa ndo kwanza ameanza sehemu ya mwezi. Mtu akamwambia ukifanya hizi sini zote itakuchukua miaka mingine tisa. Akakata. Viumbe, mgahawa, jela, vyote nje, ikabidi atafute namna ya kuifunga stori palepale. Ikaisha 1989. Sallis alipopigiwa simu kuambiwa filamu ipo tayari, miaka kama sita tangu arekodi, alishtuka mpaka akatukana.

Katika watu wote wa mwezini akabaki mmoja, lile roboti lenye umbo la jiko, la kuendeshwa kwa sarafu. Na hapa ndo nataka mkaangalie upya. Jiko linaamka, linakuta vyombo vya pikiniki vimeachwa hovyo, kipande cha mwezi kilichokatwa linakirudishia kwa gundi, halafu linaiandikia roketi tiketi ya faini ya paking. Jamani, faini ya paking mwezini, ambako hakuna mtu? Kwenye ule mpango wa mwanzo huyu alikuwa ni mkaguzi wa paking kati ya wengine wengi, kwenye mwezi wenye wakazi na jela yake. Wenzake wote wameondolewa, yeye bado anafanya kazi. Mimi naona upweke wa lile jiko, na hamu yake ya kuja duniani kuteleza kwenye theluji baada ya kuona picha kwenye gazeti, vimetokana na hicho hicho. Angekuwa na majirani asingekuwa na uchungu ule.

Kuna wanaosema bora ilikatwa. Kwa upande wa jiko nakubali, kwa upande wa jela hapana, ile nailia kabisa. Na vitu vya enzi hizo vimepungua sana, tarehe 10 Oktoba 2005 ghala la Aardman Bristol liliungua na seti na vinyago vingi vya filamu zao za nyuma vikaishia pale. Ndo maana natamani kama kuna kurasa za ule mpango mrefu zimesalia popote wazichapishe zote, hata kama ni michoro ya penseli tu. Mi ningeanza na sini ya jela, nijue Gromit mwenye mdomo angemwambia nini Wallace pale dirishani.