Mwongozaji wa Mombasa na maswali ya mtu wa Kampala

Sisi wa Kampala huifahamu Mombasa kwanza kupitia hati za mizigo. Aliyeagiza gari kutoka Japani hukuambia kwamba limekwisha fika Mombasa, mwenye duka wa soko la Kikuubo hulalamika kwamba kontena lake halijatolewa bandarini, na bei ya petroli ikipanda, macho yote huelekea huko huko. Kwa sababu hiyo, nilipoamua kuutembelea mji wenyewe sikutaka kuingizwa katika basi la watalii linalosimama robo saa hapa na robo saa pale. Nilimtafuta mwongozaji wa kunitembeza peke yangu, kwa Kiswahili, nikampata mzee mmoja mzaliwa wa Mji wa Kale, na tukapatana malipo ya siku nzima kabla hatujapiga hatua.

Wengi hudhani kwamba matembezi ya binafsi ni anasa ya wenye fedha. Kwangu faida yake kubwa ni kwamba unaweza kumkatiza msimulizi, ukauliza jambo linalokuhusu wewe, hata ukamtoa katika njia aliyoizoea.

Tulianzia Ngome ya Yesu, ambayo Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Nilimwuliza mzee kwa nini walichelewa hivyo, ilhali Vasco da Gama alikuwa amefika pwani hii mwaka 1498. Akanijibu kwamba kwa muda mrefu waliridhika kuja, kuuteka nyara na kuuchoma mji, kama walivyofanya 1505 na 1528, kisha kwenda zao. Waliowatia hofu hasa ni Waturuki, ambao manowari zao zilifika pwani katika miaka ya 1580. Kutoka hapo akaingia katika kisa ambacho, kwa maoni yangu, kinastahili saa nzima: kisa cha Sultani Yusuf bin Hasan, mtoto wa Mombasa aliyelelewa na Wareno huko Goa, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, akarudishwa kutawala kama kibaraka wao, na mwaka 1631 akamuua kapteni wa ngome na kuwaangamiza Wareno wa mji. Watalii wa hotelini huelezwa zaidi kuhusu mizinga.

Mazingiwa ya Waomani dhidi ya Wareno wa ngome, yaliyoanza Machi 1696 na kwisha Desemba 1698, mzee aliyasimulia akiwa amesimama kando ya vyombo vilivyoopolewa kutoka katika Santo António de Tanná, merikebu ya Kireno iliyozama chini ya kuta hizo mwaka 1697. Njaa na maradhi viliua zaidi humo ndani kuliko risasi. Waingereza nao waliigeuza ngome kuwa jela tangu 1895 hadi 1958, na ukitazama unene wa kuta utaona kwamba hawakuhitaji kuongeza mengi.

Katika Mji wa Kale tulipita Ndia Kuu na msikiti wa Mandhry, tukakaa kwenye baraza la nyumba moja tukinywa kahawa chungu iliyomiminwa kutoka kwenye dele. Milango ya kuchonga ni mizuri, lakini picha zake zimejaa kila mahali, nami sina la kuongeza.

Hapo ndipo nilipomwomba mzee tuvuke kwenda Kisauni, mahali panapoitwa Kengeleni. "Huko wageni wangu hawaendi, mwanangu," alisema, lakini nilimwona amefurahi. Hapo ndipo ilipo Frere Town, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1875 ili kuwapa makao watu waliokombolewa kutoka utumwani, na kengele yake, inayosemwa kuwa ilipigwa kuwaonya watu majahazi ya watumwa yalipoonekana, bado inasimama kando ya barabara yenye matatu na kelele. Askofu James Hannington alifika hapa Januari 1885, na Julai mwaka huo akaanza safari ya kwenda Buganda kwa njia mpya ya kukatiza nchi ya Wamasai. Mtoto aliyesoma Uganda hujua mwisho wa safari hiyo: Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alimwogopa mgeni anayeingia kutokea mashariki, na Oktoba askofu akauawa Kyando, Busoga. Mahujaji wetu huenda Kyando, lakini sijapata kumsikia Mganda aliyekwenda Kengeleni kuona safari ilikoanzia.

Jioni tulikwenda Mama Ngina, kando ya bahari, ambako meli zinazoingia bandari ya Kilindini hupita karibu sana. Nikamwuliza mzee kuhusu reli. Ujenzi ulianzia Mombasa mwaka 1896, kwa mikono ya vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India, ambao karibu 2,500 kati yao walikufa, na ukafika Kisumu mwaka 1901. Wakenya hupenda kututania kwamba Reli ya Uganda haikufika Uganda. Nilimkumbusha mzee kwamba Kisumu ilikuwa ndani ya mipaka ya Uganda hadi 1902, wakati mipaka hiyo iliposogezwa, ingawa nakiri kwamba Kampala yenyewe ilisubiri treni hiyo hadi 1931. Alicheka, akasema atawaeleza hivyo wageni wengine kutoka kwetu.

Kwa atakayefuata njia hii kutoka Uganda: kitambulisho cha taifa kinatosha kuvukia mpaka wa Malaba au Busia, nacho ukionyeshe katika lango la ngome, kwa kuwa ada ya kuingia hutegemea uraia na makazi ya mgeni. Mwambie mwongozaji mapema kwamba unataka Kengeleni, kwa sababu gari la kuvukia daraja la Nyali huongeza gharama, na mpatane ni nani atakayelilipia.