Kanga ya Darasa la Nne

Darasa langu la Nne hapa Tanga lina watoto 66. Kwa muda mrefu kipindi cha sanaa kilikuwa kila mtoto na daftari lake: chora chungwa, paka rangi, leta nisahihishe. Kazi ya pamoja niliikwepa, maana nilishaona inavyokuwa. Manila moja kubwa, watoto wanane wameizunguka, wawili wanachora, sita wanawashikia kalamu.

Kilichonigeuza ni historia ya kanga. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani yetu walikuwa wakinunua leso za mkononi zikiwa bado hazijakatwa kwenye jora, wanachukua sita, wanazishona tatu juu na tatu chini, inapatikana nguo moja ya kujifunga. Ndiyo maana Mombasa hadi leo kanga wanaiita leso. Niliposoma hayo niliyaona makundi yangu sita palepale, watoto kumi na mmoja kila kundi.

Nilinunua mita sita za marekani nyeupe, na rangi ya maji ya ukutani ya aina mbili tu, nyekundu na nyeusi, tupate sura ya kisutu, ile kanga ya jadi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kila mtoto alikuja na muhuri wake: bamia ya kugongea pindo, au nusu kiazi cha kugongea mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga. Bamia ikikatwa kwa upana inatoa nyota nzuri ajabu. Ila ikate jana yake, uilaze wazi usiku kucha, la sivyo ule mlenda unaharibu kitambaa. Na usiwape watoto rangi kwenye kikombe. Loanisha kipande cha sponji ya godoro kwenye sahani, wagandamize muhuri hapo kwanza. Jambo hili dogo ndilo lililookoa sare za shule.

Kwa kuwa muhuri ni wa mtoto mwenyewe, hakuna aliyeweza kumfanyia mwenzake. Mtoto mmoja wa dawati la nyuma, ambaye tangu Januari nilikuwa sijamsikia akisema sentensi nzima, alichonga kwenye kiazi samaki mwenye magamba. Kundi zima likamwomba agonge katikati.

Shida ilikuja siku ya kuunganisha. Tulivitandaza vipande sita sakafuni na mapindo hayakukutana. Kila kundi lilikuwa limepima upana wa pindo kwa shubiri, na shubiri za watoto hazilingani. Mahali pengine yalipishana kwa vidole vinne. Wengine walianza kulia, na mimi nilitamani kuchukua rula nirekebishe mwenyewe. Nilijizuia. Walibishana karibu kipindi kizima, hadi msichana mmoja akasema tuchore korosho kubwa juu ya kila mshono, zifunike palipopishana. Korosho, kama zile za kwenye kanga za mama zao! Sasa ukiitazama nguo ile, jicho linatua kwenye korosho kabla ya kitu kingine chochote.

Likabaki jina. Walipendekeza methali zote walizozisoma kwenye kanga za nyumbani, na kila kundi liling'ang'ania ya kwake. Tukiwa katikati ya mabishano, kijana aliyelala kifudifudi akimalizia korosho alipaza sauti: "Usinikanyage, nachora!" Darasa likanyamaza, kisha wakapiga makofi. Kura hazikuhitajika. Waliandika kwa herufi kubwa nyeusi kwenye kipande cha kati cha chini: USINIKANYAGE NACHORA.

Bibi mmoja fundi cherehani, jirani na shule, alitushonea bila malipo. Alipofika kwenye jina alisimamisha cherehani, akasoma kwa sauti, akasema angeiona dukani angeinunua.

Tumeitundika kwenye ukumbi wa kulia chakula, karibu mita tatu kwa mbili. Nilidhani tumemaliza. Jumatatu asubuhi watoto watatu walinifuata ofisini, wakasimama mlangoni, wakaamkia, kisha mmoja akauliza:

"Mwalimu, kanga inauzwa doti. Ya pili iko wapi?"

Jana jioni nimepita sokoni. Mita sita nyingine za marekani ziko kwenye kabati langu, na nimewaambia waanze kutafuta bamia.