Kumwandikia bibi miaka yake

Ukitaka kupanga maisha ya bibi kwa miaka, usimuulize jambo fulani lilikuwa mwaka gani. Wanawake wengi waliozaliwa vijijini Tanganyika enzi za Mwingereza hawakuandikwa popote, na mwaka ulio kwenye kitambulisho mara nyingi ni makisio ya karani. Muulize: wakati ule mgongoni ulikuwa umembeba nani?

Gawa ukurasa wa daftari safu tatu: watoto wake, toka kifungua mimba hadi kitinda mimba, alikoishi na kulima, kisha mambo ya nchi. Hiyo ya tatu ijazwe mwisho. Akisema siku ya Uhuru, 9 Desemba 1961, kifungua mimba alikuwa anatambaa, mpe mtoto miezi 7 hadi 10: alizaliwa kati ya Februari na Mei mwaka huohuo. Ukishapata mmoja wa uhakika, wadogo zake watajipanga wenyewe.

Pengo la miaka mitano kati ya watoto wawili lina jambo. Huenda mume alikuwa manamba, kibarua wa mkataba kwenye mashamba ya mkonge, huenda kuna mtoto aliyezikwa. Hilo aulize mwanamke, siku nyingine, bila watu wengi, na bibi akinyamaza liachwe.

Kwenye kuhamishiwa vijiji vya ujamaa ndiko makosa yalikojaa. Watu huandika 1974 bila kuuliza ni wapi. Rufiji walianza kuhamishwa mwishoni mwa miaka ya 1960, Dodoma ikafuata 1971, na agizo la nchi nzima likatoka Novemba 1973. Kwenye vihamba vya Kilimanjaro, yaani mashamba ya migomba na kahawa ya ukoo, kijiji kiliandikishwa watu wakiwa palepale.

Unga wa yanga, yaani wa mahindi ya njano, nao hupotosha. Uliliwa kwenye ukame wa katikati ya miaka ya 1970, ukaliwa tena mwanzoni mwa miaka ya 1980. Uliza sabuni: kama siku hizo alifulia majani ya mpapai na duka la kijiji lilikuwa tupu, elekea baada ya vita ya Kagera ya 1978–79. Umri wa shule usiutegemee. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza 1977, waliingia darasa la kwanza hata wenye miaka kumi.

Hesabu yako na kauli yake zisipolingana, andika zote mbili, yake juu. Kalamu ya risasi itumike kwenye yako.