Akawaona Wakitaabika

Neno la juma hili: Marko 6:45–52

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nyumba yetu hapa Mwanza iko juu kwenye mawe, upande unaotazama ziwa. Kupandisha ndoo ya maji mpaka kwetu ni adhabu, ila usiku tunalipwa. Giza likiingia, wavuvi wa dagaa wanatoka na taa zao, na saa nne usiku ukisimama mlangoni utadhani kuna mji mwingine umejengwa majini. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Mbalamwezi ikiwa kali hawaendi, maana dagaa hawazifuati taa vizuri. Kwa hiyo usiku ninaowaona wengi ndio usiku wenye giza nene.

Wiki iliyopita usingizi ulinikataa, nikakaa kizingitini. Upepo ulikuwa umegeuka. Kulikuwa na taa moja imejitenga na wenzake, inazama, inatokea, inazama tena. Nikajikuta nabana pumzi kila inapopotea, kwa ajili ya mtu ambaye hata jina simjui. Nikawaza: mimi namwona, lakini yeye akitazama huku kwetu anaona mlima mweusi tu.

Nikaingia ndani nikafungua Marko 6.

Nimelisoma fungu hilo tangu shule ya Jumapili, na kila mara nilikimbilia pale Yesu anapotembea juu ya maji. Safari hii nilikwama kabla ya hapo. Kwanza, wanafunzi hawakujipeleka wenyewe ziwani. (Luka analiita ziwa, ziwa la Genesareti. Mbele ya ziwa letu lile ni dogo sana, lakini mawimbi hayaulizi ukubwa.) Marko anasema Yesu "akawalazimisha" wapande chomboni. Upepo uliwakuta wakiwa katika utii. Nawaomba ndugu zangu tunaopenda kumwuliza mgonjwa ametenda dhambi gani tulitafune hilo neno polepole.

Pili, saa. Ilipokuwa jioni chombo kiko katikati ya maji, na Yesu yuko peke yake nchi kavu. "Akawaona wakitaabika kwa kuvuta makasia." Halafu akawaendea yapata zamu ya nne ya usiku. Zamu ya nne, kwa saa zetu, inaanza saa tisa usiku hadi kumi na mbili asubuhi. Marko hasemi aliwaona saa ngapi hasa, ila jioni walikuwa tayari katikati, na alfajiri bado wanavuta. Mikono imechubuka, mtu anamlaumu mwenzake, na ambaye angeweza kusema neno moja yuko mlimani.

Kati ya "akawaona" na "akawaendea" pana usiku mzima. Wengi wetu anwani yetu ni hapo.

Yangu ni hii. Mwaka juzi mama alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, na maneno yakamtoka yote isipokuwa moja: "basi". Ukimpa uji, basi. Akiumia, basi. Akicheka pia, basi. Tumefunga, tumekesha, tumepaka mafuta. Mtumishi mmoja alitwambia humu ndani kuna mtu anayezuia muujiza, na tukakaa juma zima tukitazamana kwa pembe za macho, mimi na wadogo zangu, kila mmoja akimpima mwenzake. Hilo limenichukua muda kulisamehe, kuliko hata ugonjwa wenyewe.

Na sauti ya mama haijarudi. Naandika hivyo wazi kwa sababu tafakari nyingi zinaishia kwenye ushuhuda, na msomaji ambaye wake haujaja anafunga simu akijiona mtoto wa kambo.

Tena sisi watu wa Mwanza hatuwezi kuhubiri habari za chombo na mawimbi kirahisi hivyo. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kabisa kufika kwetu. Makaburi yako Igoma, mtu anaweza kwenda kuyaona. Mimi naamini ndani ya meli ile waliomba, na waliomba kwa imani kuliko mimi ninavyoomba nikiwa nimekaa kwenye kigoda. Atakayeniambia walipungukiwa imani, sitabishana naye, nitamwacha tu aende zake.

Ninachokishika, basi, ni kidogo. Marko anasema Yesu alipanda mlimani kuomba. Saa zile wao wanadhani wameachwa, yeye alikuwa katika maombi, na macho yake yalikuwa ziwani. Na Waebrania 7:25 inasema hata sasa yu hai sikuzote ili atuombee. Zamani nilidhani kazi yangu ni kupiga kelele mpaka anigeukie. Kumbe wakati mimi nasema mbona hunitazami, ananitazama, na ananiombea yale ambayo mimi sijui kuyaomba. Kwa nini asishuke mapema, sijui. Ayubu naye alilalamika kwamba Mungu anapita karibu naye asimwone, na malalamiko yake yakaachwa ndani ya Biblia, hayakufutwa.

Jumamosi nilikuwa na mama uani. Tulikuwa na dagaa wa kwenye mchanga, wale ambao usipowachambua mboga yote inakwaruza meno. Ungo uko mapajani mwake, anachambua kwa mkono wa kushoto, ambao haukuzoea kazi. Anashika dagaa mmoja, anamgeuza, anamfikicha kwa kidole gumba, anamweka pembeni. Taratibu mno. Nilitaka kumsaidia, akaupiga mkono wangu kofi dogo.

Jua lilipoanza kuzama tukaomba. Sikuomba sauti safari hii, ingawa siku nyingine nitaiomba tena. Nilimwambia Mungu tu kwamba tuko hapa, mimi na mama na ungo, na kwamba upepo bado haujatulia. Nikanyamaza kabla ya kusema Amina, nikimsubiri mama.

"Basi," akasema. Akarudi kwenye dagaa zake.